Kinjeketile (tamthilia)

Kinjeketile ni tanzia ya Kiswahili iliyoandikwa na Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, na kuchapishwa 1969. Mwandishi alisoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Chanzo. Tamthilia inatokana na Vita vya Maji Maji (1905–1907), vilivyochochewa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa chini ya Wajerumani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa Mohoro Agosti 1905.

Uongozi na imani. Kinjeketile anapandwa na Hongo, pepo wa mto Rufiji, na maji yake yanaunganisha makabila yaliyokuwa yakihasimiana. Baadaye anaingiwa na shaka juu ya ujumbe alioupokea, lakini imani imekwisha kuwa mali ya umma: wapiganaji wanataka vita, naye hawezi tena kuwazuia. Akiwa kifungoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa kauli hiyo ingewafanya vizazi vijavyo waamini kwamba kudai haki kulikuwa kosa.

Uhusiano na tanzia ya Kiyunani. Kama Edipode wa Sophocles, Kinjeketile anabanwa na kauli ya kimungu ambayo maana yake inajitokeza akiwa amekwisha kutenda. Tofauti yao ni kubwa: Edipode ni mfalme anayefichua asili yake mwenyewe, ilhali Kinjeketile ni kiongozi wa wakulima wanaopigania uhuru.