Oili ya mashine ya boti

Oili ya mashine ya boti ni kilainishi kinachopunguza msuguano ndani ya injini inayofungwa kwenye tezi ya chombo. Ukaguzi wake hutegemea aina ya injini. Katika ile ya mipigo miwili, iliyozoeleka kwa wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, oili huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Mashine mpya mara nyingi huanzishwa kwa 1 kwa 25. Oili ikipungua pistoni hukwama, ikizidi plagi huchafuka. Hutakiwa yenye alama TC-W3. Ile ya pikipiki, ingawa hupatikana kirahisi, si mbadala, kwani imetengenezwa kwa injini zenye joto kubwa zaidi. Injini ya mipigo minne hupimwa kwa kijiti ikiwa wima na imezimwa, na kwa kawaida oili hubadilishwa kila saa 100 za kazi au kila mwaka. Giaboksi ina oili yake, inayojazwa kupitia tundu la chini hadi itokee la juu. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, pengine kwa sababu ya uzi wa mshipi uliojisokota nyuma ya rafadha.