Ngitili ni nini, na kwa nini hufungwa mvua zikianza?

Kwa mkazi wa Kahama, Kishapu au Shinyanga Vijijini, ngitili si neno geni. Wengine hutamka ngitiri. Ni eneo la malisho ambalo mwenye nalo, ukoo au kijiji hulifungia mifugo tangu mvua za kwanza za Novemba hadi kiangazi kinapokaza, kuanzia Julai hivi, ndipo hufunguliwa. Mara nyingi halina ukuta wala waya. Mpaka wake ni njia, mti mkubwa, mkonge au mstari ambao majirani wanaujua.

Mgeni huuliza swali lenye mantiki: mbona mnalifunga wakati majani ni mabichi na mengi? Jibu ni kwamba wakati huo ng'ombe hawana shida. Majani yapo kila mahali, pembezoni mwa mashamba na milimani. Ukiwaingiza ng'ombe kwenye ngitili mwezi wa Januari, watakula kisichohitajika leo na kumaliza kitakachohitajika Septemba. Majani yakiachwa hukomaa, hudondosha mbegu, kisha hukauka yakiwa yamesimama. Hiyo ndiyo akiba ya kiangazi, na haihitaji ghala.

Inapofunguliwa, haifunguliwi yote kwa siku moja. Mfugaji mwangalifu huanza na kipande, kikiisha anahamia kingine. Tena si kundi zima linaloingia. Wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wa maziwa, wagonjwa na maksai. Wengine hupelekwa mbali kutafuta malisho.

Hapo kwenye maksai ndipo penye siri ya kilimo cha Usukuma. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye plau ana siku chache za kulima kabla udongo wa mbuga haujawa tope linalonasa miguu. Maksai aliyetoka kiangazi mbavu zikihesabika hawezi kuvuta plau. Familia yake itachelewa kupanda, na aliyechelewa kupanda mahindi au pamba Usukuma anajua atakachovuna. Kwa hiyo nyasi kavu za Septemba ndizo zinazoamua chakula cha Mei mwaka unaofuata.

Wazee waliigawa nchi kwa udongo. Luseni, ardhi ya kichanga iliyo juu, ilikuwa ya viazi vitamu, karanga na mihogo. Mbuga, ardhi nyeusi ya chini, ilifaa pamba na mtama. Itogolo, ile ngumu ya katikati isiyopitisha maji, iliachwa zaidi kwa malisho. Siku hizi itogolo imechimbwa majaruba ya mpunga, na mpunga wa Kahama unajulikana sokoni hadi nje ya mkoa. Ni mafanikio ya kweli, ila kila jaruba jipya limekatwa kutoka mahali ng'ombe walipokuwa wakilishwa.

Ngitili iliwahi kukaribia kufutika. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, pamoja na machifu, iliwaongoza watu kufyeka vichaka ili kuwaondoa mbung'o. Makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika yalikuwa Shinyanga yenyewe, chini ya C. F. M. Swynnerton. Mbung'o walipungua na ng'ombe wakaongezeka. Kisha pamba ikapanuka, na misitu ikazidi kukatwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kwenda vijiji vipya, wakaziacha ngitili zao nyuma bila mlinzi. Unapokuwa umbali wa kilomita kadhaa huwezi kujua nani amefungulia ng'ombe wake usiku.

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alizuru mkoa, na hali ya ardhi ikawa jambo la taifa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye ulipata msaada wa Norway na ushirikiano wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mwanzoni wataalamu walikazania vitalu na miche ya miti ya kigeni. Wananchi hawakuichangamkia sana. Walitaka migunga, mikwaju na miti mingine waliyoijua, na hiyo haikuhitaji kitalu. Mizizi na visiki vilikuwa bado hai ardhini. Kilichotakiwa ni kufunga tu.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zinafahamika zilifikia hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba faida ya ngitili ni kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Humo mlihesabiwa kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, dawa, mboga za porini na malisho. Mama aliyekuwa akienda mbali kutafuta kuni aliokoa saa nyingi kwa siku. Sehemu hiyo ya hesabu haionekani mnadani, lakini waliobeba mzigo kichwani wanaijua.

Nani alizilinda? Karatasi za mradi zilisaidia, lakini kazi ya kila siku ilifanywa na majirani. Kuna dagashida, mkutano wa jadi unaosikiliza mashauri, na kuna sungusungu, walioibuka Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Aliyeingiza mifugo kwenye ngitili ya mtu alitozwa faini. Aliyekataa kulipa alitengwa: hapewi moto wala maji, na hakuna wa kumsaidia kwenye msiba. Huo ulikuwa mkono mzito, na sungusungu wamewahi kulaumiwa kwa kuupitiliza.

Ngitili haina usawa pia. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa hufunga ekari nyingi, na jirani yake asiye na ng'ombe anabaki akiomba ruhusa ya kuokota kuni. Ngitili za kijiji, za shule na za makanisa husaidia, lakini ndizo rahisi kuvamiwa kwa sababu hazina mwenye kuamka usiku. Tena vichaka vikirudi, fisi na kwelea kwelea nao hurudi.

Leo ngitili inaombwa kutoka pande zote. Mji wa Kahama unataka mkaa na viwanja. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanataka matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za duara lisiporomoke. Kwenye mialo ya Ziwa Victoria, sangara na sato wanaokaushwa kwa moshi wanahitaji kuni, na kuni hizo hutoka bara. Mkazi mmoja akiuza miti ya ngitili yake kwa mchoma mkaa, hupata fedha kwa siku moja, na ng'ombe wake wanakosa kivuli kwa miaka mingi. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukafungwa 2021, miaka kumi na miwili tu. Ngitili iliyokatwa leo itachukua muda kama huo au zaidi kurudi.

Wavuvi nao wana kufunga kwao. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wafugaji wa Shinyanga waliosikia habari ile hawakuhitaji kueleweshwa.

Msikilizaji mwenye ngitili ajue yafuatayo kuhusu sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na ngitili inaweza kuingizwa humo kama sehemu ya ardhi yako. Anzia kwa halmashauri ya kijiji, na majirani wa mipakani wawepo mipaka inapopimwa. Kwa ngitili ya pamoja, kijiji kinaweza kuitenga kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kutunga sheria ndogo zinazopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kisha kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Faini isiyo na sheria ndogo nyuma yake inaweza kupingwa mahakamani. Madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma hata kama juu ni ngitili yako. Ila mwenye hati na mipaka iliyopimwa huwa na hoja yenye nguvu zaidi siku ya kuzungumzia fidia, kuliko anayeonyesha mti uliokwisha kukatwa.