Ngoro na Sengu: Chuo Kikuu Mbele ya Maarifa ya Wenyeji

Aghalabu inaposemwa kwamba chuo kikuu ni mhimili wa jamii, hukusudiwa kuwa elimu imekaa chuoni, na jamii imekaa nje ikingoja kuletewa. Makala haya yanashikilia rai iliyo kinyume: chuo kikuu huisaidia jamii kudumu katika ardhi yake na kustawi katika mila zake pale kinapokiri kwamba jamii hiyo ina maarifa yaliyokwisha kujaribiwa kwa vizazi, kisha kikayasoma maarifa hayo kwa taadhima ileile kinayowapa wanazuoni wake. Ushahidi nautoa katika kazi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine miongoni mwa Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania.

Chuo hicho, kilichopata kusimama peke yake mwaka 1984 baada ya kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimejengwa Morogoro chini ya milima ya Uluguru, na milima hiyo ina historia ambayo kila mtaalamu wa kilimo angestahili kuihifadhi moyoni. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza, ikihofia mmomonyoko wa udongo, iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao. Kazi ilikuwa nzito, na asiyechimba alitiwa adhabuni. Na juu ya hayo, udongo wenye rutuba ni mwembamba katika sehemu nyingi za milima ile, hata mchimbaji akawa anaufukia udongo mwema na kuufunua ule wa chini usiootesha kitu, naye akavuna haba kuliko alivyovuna kabla hajatii amri. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, damu ikamwagika, na mpango wote ukaachwa. Wataalamu wale hawakukosa sayansi. Walichokosa ni subira ya kumuuliza mkulima sababu ya kulima kwake, na unyenyekevu wa kulisikiliza jibu.

Wamatengo nao ni watu wa milimani. Karne ya 19, vita vya Wangoni vilipowasukuma juu, walijikuta wengi katika ardhi finyu yenye miteremko mikali, na ardhi ya namna hiyo, ikilimwa ovyo, haichukui miaka mingi kuwa mwamba mtupu. Wao wakalima ngoro. Masika yanapokaribia ukingoni, wanaume hufyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukagawanyika miraba miraba, kila upande wa mraba ukiwa kiasi cha hatua mbili. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya majani, pakabaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa mvua unaofuata huja zamu ya mahindi. Maji yanayoporomoka hunaswa shimoni pamoja na udongo yaliouchukua, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Mtu akiutazama mlima uliolimwa hivyo kutoka ng'ambo ya bonde huona kazi yenye hesabu na mizani, nami siogopi kuiita elimu, maana ina kanuni zake, ina majaribio yake, na ina walimu wake.

Wageni hawakukosa kuiona. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala ya A. H. Pike juu ya jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Ila kusifu ni jambo moja, na kukaa na watu ni jambo jingine. Katika miaka ya 1990 wanazuoni wa Sokoine, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani, walianza kuisoma ngoro pamoja na maisha yanayoizunguka: ntambo, yaani sehemu ya mlima iliyo baina ya vijito ambayo ukoo huimiliki na kuilima, kahawa iliyowapa watu fedha, na taabu iliyowapata soko lake lilipoyumba, misitu ya miombo iliyokuwa ikifyekwa na waliokosa nafasi milimani. Baada ya utafiti huo ndipo, baina ya 1999 na 2004, kazi ya maendeleo vijijini ikafuata. Mpangilio huo wa kusoma kwanza na kutenda baadaye nauona ndio siri ya jambo lenyewe.

Katika uchunguzi huo liliibuka jina la sengu. Sengu ilikuwa desturi ya watu wa ukoo kukusanyika kwa mzee wao na kula pamoja, chakula kikiletwa kutoka kila nyumba, hata aliyekosa akala na aliyepata; na hapo baada ya kula magomvi yaliamuliwa, vijana walifunzwa, kazi zilipangwa. Desturi ilikuwa imefifia. Katika kijiji cha Kindimba wenyeji, walipokusudia kujenga mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, waliunda kamati na kuipa jina hilo la Sengu. Mashine ya maji haiendi pasipo maji, na maji hayadumu pasipo miti kwenye chemchemi. Basi upandaji wa miti, uliohubiriwa miaka mingi, ukapata sababu ambayo kila mwenye debe la mahindi aliielewa pasipo kuhubiriwa.

Yamkini msomaji atauliza kama huku si kuitukuza mila kupita kiasi. Swali ni la haki. Sengu ya kale ilikuwa baraza la wanaume, na katika ngoro sehemu kubwa ya jembe huangukia mikono ya wanawake. Kuyaheshimu maarifa ya watu hakumaanishi kuyafumbia macho. Mwanazuoni humheshimu mwanazuoni mwenziwe kwa kumhoji. Hapo ndipo chuo kikuu kina kazi ambayo kijiji peke yake hukiwia vigumu: kupima mavuno kwa miaka mingi, kulinganisha bonde hili na lile, na kuuliza hadharani ni nani anayebeba mzigo.

Lakini kazi hiyo yataka miaka, ilhali fedha za miradi huja kwa muhula na mwalimu hupanda cheo kwa idadi ya makala, mengi yakiwa ya Kiingereza, katika majarida ambayo mkulima wa Mbinga hatayaona maishani mwake. Lau vyuo vyetu vina nia ya dhati, naona vianzie hapa: kila tasnifu iliyoandikwa juu ya kijiji irudi kijijini kwa Kiswahili, isomwe mbele ya wenyeji, na pingamizi zao ziandikwe na kuambatishwa nayo kabla mtahini hajaitia sahihi.