Kata za Mafia: Miaka ambayo diwani hakuwa na halmashauri

KATA ndilo eneo la uchaguzi linalompeleka diwani mmoja katika halmashauri ya wilaya. Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani, yenye wakazi 66,180 kwa mujibu wa Sensa ya 2022, ina kata nane: Baleni, Jibondo, Kanga, Kiegeani, Kilindoni, Kirongwe, Miburani na Ndagoni.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, halmashauri za vijijini za Tanzania Bara ziligharamia shule za msingi, zahanati na barabara kwa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1969, na uwezo wa halmashauri ukadhoofika. Julai 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zenyewe zilivunjwa.

Kata hazikufutwa. Wawakilishi wake waliingia katika Baraza la Maendeleo la Wilaya, wakiketi pamoja na watendaji wa Serikali. Hata hivyo, baraza hilo halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi. Fedha zilitoka Hazina, na mipango ilipitia kwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya kabla ya kupelekwa mkoani.

Kwa wilaya ya kisiwa, umbali huo una uzito wake. Mafia, inayotegemea minazi na uvuvi, imetenganishwa na bara kwa mlango wa bahari. Wakazi wa visiwa vya Jibondo, Juani na Chole hulazimika kuvuka maji hata kufika Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Uamuzi kuhusu zahanati au barabara ukitolewa mkoani, mwananchi huyo huwa mbali nao mara mbili.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Sheria Namba 7 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), na halmashauri zikaanza upya mwaka 1984. Mwaka huohuo, Mwalimu Julius Nyerere alikiri kuwa kuzifuta lilikuwa kosa. Ibara za 145 na 146 za Katiba sasa zinatambua kuwapo kwake.

Kodi ya maendeleo, iliyotozwa baada ya kurejeshwa kwa halmashauri, ilifutwa mwaka 2003. Tangu hapo, halmashauri nyingi za wilaya zimetegemea ruzuku ya Serikali Kuu kwa sehemu kubwa ya bajeti zao. Diwani huchaguliwa kila baada ya miaka mitano, pamoja na Rais na Mbunge. Kura ya mwananchi imerudi katani. Fedha nyingi bado zinatoka nje ya kisiwa.