Merikebu za Nyanza na Vichwa vya Wapagazi

Mwanafunzi wa Shinyanga akiambiwa ajifunze habari za vita vya merikebu, yamkini atacheka. Bahari i mbali naye mno, na mito ya nchi yake wakati wa kiangazi huwa mchanga mtupu. Hata hivyo nchi hiyo, pamoja na pwani ya Geita iliyo upande wake wa magharibi ya kaskazini, ilibadilishwa mikono katika mwaka 1916 kwa nguvu ya merikebu. Hazikuwa manowari za baharini. Zilikuwa vyombo vya Ziwa Nyanza, ambavyo kwa kawaida vilichukua pamba, ngozi na abiria, na vita vilipoingia vikafungwa mizinga juu ya sitaha.

Waandishi wengi wa vita vile huzitaja habari za ziwani kwa kurasa mbili tatu, tena kwa sauti ya mzaha, kana kwamba ni mchezo wa watoto kwenye dimbwi. Mimi siafikiani nao. Wanaotazama mizinga tu wana haki ya kucheka, maana mizinga ilikuwa michache na midogo. Lakini chombo cha majini hakipimwi kwa mizinga yake peke yake. Yatupasa tuulize kimechukua nini, na kama kisingekuwapo, mzigo ule ungechukuliwa na nani. Swali hili ndilo nitakalolifuata hapa, na jibu lake limo katika njia itokayo Mwanza kwenda Shinyanga.

Kabla ya kufika huko, msomaji na aniwie radhi nimpeleke mbali kidogo, kwani mfano ulio bora kabisa wa jambo hili umo katika vita vya Wamarekani vya kujitwalia uhuru, vilivyopiganwa tangu 1775 hadi 1783. Vita hivyo hukumbukwa sana kwa mapambano ya baharini, hasa lile la Chesapeake la Septemba 5, 1781, ambapo merikebu 24 za Kifaransa chini ya de Grasse zilizizuia merikebu 19 za Kiingereza zisimfikie Cornwallis. Alipokwisha kufungiwa njia ya maji, Cornwallis alisalimu amri huko Yorktown mnamo Oktoba 19. Jambo hilo lafahamika kwa wote. Lisilosomwa sana ni kwamba miaka mitano kabla yake palikuwa na mapigano ya merikebu ziwani, ndani kabisa ya bara.

Ziwa hilo ni Champlain, lililo kati ya Kanada na bonde la mto Hudson. Msitu ulikuwa mnene na barabara hazikuwapo, hivyo mwenye kutaka kupeleka jeshi kusini hakuwa na njia ila maji. Wamarekani chini ya Benedict Arnold walikuwa na vyombo 15 vidogo, vingine vikiwa vimeundwa kwa miti mibichi iliyokatwa papo hapo. Guy Carleton, jemadari wa Waingereza, hakuthubutu kwenda mbele mpaka awe na merikebu za kuwashinda. Basi waliifumua merikebu yao Inflexible iliyokuwa katika mto St Lawrence, wakaipitisha vipande vipande kando ya maporomoko, wakaiunda upya St Johns kwa muda wa siku 28. Mapigano yalitokea karibu na kisiwa cha Valcour mnamo Oktoba 11, 1776. Katika siku chache Arnold alipoteza karibu vyombo vyake vyote. Lakini wakati uliotumika katika kuunda merikebu ulikuwa umekula majira ya kusafiri. Baridi ilikuwa mlangoni, na Carleton akarudi Kanada. Mwaka uliofuata Burgoyne alipita njia ile ile, akafika Saratoga akiwa ameishiwa chakula na msaada, akasalimu amri Oktoba 17, 1777. Mwaka 1778 Wafaransa wakaingia vitani waziwazi upande wa Wamarekani.

Sasa turudi kwetu. Merikebu za Nyanza nazo zilifika ziwani vipande vipande. Ile ya kwanza ya moshi ya Waingereza, William Mackinnon, iliundwa Paisley huko Uskochi, ikafumuliwa, ikaletwa Mombasa. Reli ya Uganda ilikuwa haijafika ziwani, na vipande vyake vingi vilimaliza safari juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Ilishushwa majini mwaka 1900. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kazi ikawa nyepesi, na baada yake zikaja Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga. Wajerumani walioshika Mwanza na Bukoba hawakuwa na reli ya kuwafikisha ziwani. Reli yao ya kati ilitoka Dar es Salaam ikapita Tabora na kufika Kigoma mwaka 1914, lakini kutoka Tabora hadi Mwanza ilikuwa ni kutembea kwa miguu. Kwa hiyo chombo chao cha maana hapo ziwani kilikuwa kimoja, Muansa, nacho kilikuwa tishari dogo la kukokota vyombo vingine.

Hata hivyo Muansa haikudharauliwa. Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka kwenda Kisii, Winifred ilipeleka askari Karungu, ikamkuta Muansa akiwa na mzinga, nayo haina wa kujibu. Ikageuza. Merikebu kubwa iliyokimbizwa na tishari! Lakini kicheko hicho hakikudumu. Waingereza walizifunga mizinga merikebu zao, na kwa kuwa walikuwa nazo nyingi, hata hasara waliweza kuistahimili. Novemba 1914 Sybil iligonga mwamba ikakwama Majita, katika pwani ya adui. Mwaka uliofuata walikwenda kuinasua, wakairudisha kazini. Mwanzoni mwa 1915 Winifred ilikutana tena na Muansa karibu na mlango wa Rugezi, kati ya Ukerewe na bara, ikaijeruhi hata ikabidi ipandishwe mchangani. Tangu hapo Wajerumani hawakuwa na maji. Juni 1915 merikebu kutoka Kisumu zilishusha jeshi Bukoba, likapigana siku mbili, likabomoa mlingoti wa simu ya upepo, likapakiwa tena na kurudi. Jambo kama hilo lisingewezekana kwa nchi kavu hata kwa miezi mitatu.

Wakati huo huo bahari nayo ilikuwa imefungwa. Tangu Machi 1915 manowari za Kiingereza ziliizingira pwani yote ya koloni, na Königsberg, manowari ya Wajerumani, ikazamishwa na wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 11, 1915. Mizinga yake ikatolewa, ikatawanywa nchini, na mmoja ukapelekwa Mwanza kuulinda mji. Hebu msomaji atafakari mzinga wa baharini ulivyosafiri hadi Nyanza, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo ilikuwa nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, pasipo reli.

Kufungwa kwa bahari kulileta na jambo jingine ambalo watu wa nchi za dhahabu hawana budi kulijua. Fedha kutoka Ujerumani haikuweza kufika, na askari na wapagazi wanahitaji kulipwa. Basi mwaka 1916 Wajerumani walifua sarafu zao wenyewe Tabora: heller za shaba nyeupe na nyekundu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, upande wa Iramba, kusini ya mashariki ya Shinyanga. Dhahabu ya Geita ilikuwa bado imelala chini. Majeshi ya pande zote yalipita jirani nayo bila ya kuigusa, na uchimbaji mkubwa wa Geita haukuanza mpaka miaka ya 1930. Siku hizi mtu akiiona sarafu ya tembo huiita ukumbusho wa ustadi. Mimi naiona kuwa ni cheti cha kwamba merikebu hazikufika.

Julai 1916 ndipo mambo yalipoiva. Wabelgiji walikuwa wameteremka kutoka Rwanda hadi Biharamulo, na Julai 3, huko Kato, Meja Rouling alipambana na kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kikirudi nyuma kutoka upande wa Bukoba. Mapigano yalikuwa makali, na mkuu wa kikosi kile, Gudovius, akajeruhiwa na kutekwa. Waingereza nao, chini ya Brigedia Jenerali Charles Crewe, walishuka kutoka katika merikebu mashariki ya Mwanza, wakaingia mjini Julai 14. Wajerumani hawakungoja. Walipanda Muansa na vyombo vidogo vingine, wakaingia katika ghuba la Mwanza, wakaelekea kusini mpaka maji yalipokwisha. Huko wakaviacha vyombo vyao na kushika njia ya Tabora kwa miguu.

Ghuba hilo ndilo linalovukwa leo kati ya Kigongo na Busisi kwenda Geita, na kwa miaka mingi abiria walingoja kivuko hapo kwa saa nyingi, mpaka daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025. Apitaye juu yake na atazame upande wa kusini. Kule maji yaishiako ndiko vita vya merikebu vilikokoma, na kuanzia hapo vilikuwa vita vya watu wachukuao mizigo.

Hesabu yake ni rahisi, na afadhali tuifanye. Kutoka Mwanza hadi Shinyanga ni kiasi cha kilomita 160. Mpagazi aendaye kilomita 16 kwa siku atafika kwa siku 10, na siku 10 nyingine za kurudi. Mzigo wake tuseme ni kilo 25 za unga. Akila kilo moja kwa siku, safari nzima itamla kilo 20, na zitakazomfikia askari wa mbele ni 5 tu. Akipunguziwa posho, kitazidi kinachofika, lakini mpagazi mwenyewe atapungua. Kwa upande wa pili, merikebu iliyobeba tani 500 imechukua mizigo 20,000 ya namna hiyo, bila ya kula hata kibaba cha unga. Tofauti hiyo haikuandikwa na mizinga. Iliandikwa na njaa.

Ndiyo sababu Crewe, aliyeuchukua mji wa Mwanza kwa siku chache, hakuingia Shinyanga mpaka mwisho wa Agosti. Adui hakuwa mwingi mbele yake. Kilichomchelewesha ni uchukuzi. Waingereza walitamani sana kufika Tabora kabla ya Wabelgiji, lakini walifika Wabelgiji, Septemba 19, 1916. Nao pia walikuwa wamepita katika nchi hii, jeshi la Molitor likishika njia ya Ushirombo na misheni ya St Michael, na nyuma yao walikuwapo wapagazi wapatao 5,000 walioletwa kutoka Uganda, kikosi kilichoitwa Carbel. Reli ambayo ingewaondolea wote adha hii, ile ya Tabora kwenda Mwanza kwa kupitia Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928.

Hapa mfano wa Marekani unaanza kupinda, na si haki kuuficha upinde huo. Wamarekani wa Arnold walipopoteza vyombo vyao, walikuwa wakipigania bendera waliyoichagua. Mkulima wa Usukuma aliyetwikwa sanduku la risasi hakuchagua bendera yoyote kati ya tatu zilizopita kwake. Aliyemshinda aliyemtwika mwezi uliopita alikuja kumtwika yeye. Uhuru wa Tanganyika ulikuja mwaka 1961, na waliokufa katika njia zile hawakujua kwamba utakuja.

Katika vita nzima ya Afrika ya Mashariki wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara damu, homa na upungufu wa chakula kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kwa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Majina yao wenyewe kwa sehemu kubwa hayakubaki. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 100,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Udhuru uliotolewa zamani ulikuwa kwamba kuandikisha umati wa namna ile ni kazi isiyowezekana.

Udhuru huo nimeufikiria sana, na kila mara hunirudisha kwa Guy Carleton, yule yule wa ziwa Champlain. Mwaka 1783, vita vilipokwisha, alikuwa New York akisimamia kuondoka kwa Waingereza. Washington alidai arudishiwe watumwa waliokimbilia upande wa Kiingereza kwa ahadi ya uhuru. Carleton alikataa, lakini aliamuru kila mmoja wao aandikwe kabla ya kupanda. Merikebu zilikuwa nyingi, haraka ilikuwa kubwa, na makarani waliketi bandarini na kuandika kwa unyoya wa ndege. Daftari lile lingalipo hata leo, lina watu wapatao 3,000. Lina jina la mtu, umri wake, jina la aliyekuwa bwana wake, na jina la merikebu iliyomchukua.