Waseminari Waliompita Mgonjwa Njiani



Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja tukio moja kutoka historia ya saikolojia, elimu inayochunguza nafsi na mwenendo wa mwanadamu. Elimu hiyo ina matawi mengi: lipo linalofuatilia ukuaji wa mtoto, lipo linalohudumia wenye maradhi ya akili, lipo linalopima kumbukumbu na uwezo wa kujifunza. Tawi linalotuhusu leo ni saikolojia ya kijamii, ambayo huuliza jinsi matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu na mazingira yaliyomzunguka.

Chanzo cha habari yetu ni msiba. Usiku wa manane, tarehe 13 Machi 1964, msichana aitwaye Kitty Genovese aliuawa karibu na nyumbani kwake mjini New York. Gazeti la New York Times liliandika kwamba majirani 38 walishuhudia na hakuna aliyewaita polisi wakati akishambuliwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa habari hiyo ilitiwa chumvi, na mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kasoro zake. Hata hivyo, wakati ule iliwasukuma wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, kuuliza: kwa nini watu hutazama bila kusaidia?

Mwaka 1968 walitoa jibu la kwanza. Waliwaweka wanafunzi, kila mmoja peke yake chumbani, wazungumze na wenzao kwa vipaza sauti. Ghafla sauti moja ilianza kutapatapa kama ya mtu aliyeshikwa na kifafa. Kati ya waliodhani kwamba ni wao tu wanaoisikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Kati ya waliodhani kwamba wengine wanne wanaisikia pia, ni asilimia 31 tu. Kila mmoja alimtegea mwenzake.

Darley hakuishia hapo. Mwezi Desemba 1970, yeye na Daniel Batson walifanya jaribio lililowahusu waseminari wa seminari ya Kipresbiteri ya Princeton, Marekani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1973. Vijana hao waliombwa kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya kazi zinazowafaa wahitimu wa seminari. Wengine walipewa mfano wa Msamaria Mwema, tunaousoma katika Injili ya Luka, sura ya 10. Kisha kila mmoja aliambiwa aende jengo la jirani kuitoa hotuba yake. Wengine waliambiwa kuwa muda bado upo, wengine kuwa wanasubiriwa sasa hivi, na wengine kuwa wamekwisha kuchelewa.

Njiani, mlangoni pa jengo, aliketi mtu aliyejikunyata, kichwa ameinamisha na macho ameyafumba. Mseminari alipokaribia, mtu huyo alikohoa mara mbili na kuguna kwa maumivu. Alikuwa amewekwa pale na watafiti.

Kati ya waseminari 40, ni 16 waliotoa msaada wa aina yoyote, hata ule wa kumwarifu mtu mwingine. Miongoni mwa wasiokuwa na haraka walisaidia asilimia 63. Wenye haraka kiasi, asilimia 45. Waliochelewa, asilimia 10. Wale waliokuwa na mfano wa Msamaria kichwani walisaidia zaidi kuliko wenzao, lakini tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kuthibitisha kwamba mada ndiyo iliyowasukuma. Wapo waliomruka kabisa yule mgonjwa wakikimbilia kuzungumza juu ya Msamaria Mwema!

Ndugu zangu, tusifanye haraka kuwahukumu. Watafiti walieleza kwamba baadhi ya waliopita walifika kule walikokwenda wakiwa na fadhaa na wasiwasi. Mioyo yao haikuwa ya mawe. Walikuwa wameahidi kumsaidia mtu aliyekuwa akiwasubiri, na wajibu huo mmoja ukawafunika macho wasiuone mwingine. Pengine hata kuhani na Mlawi wa Injili walikuwa na ratiba zao, na mtu fulani aliyekuwa akiwangoja.

Wala tusiyatumie matokeo haya kama kisingizio. Waliochunguzwa walikuwa watu 40 tu, na hata miongoni mwa waliochelewa alikuwepo aliyesimama. Haraka hutusukuma, lakini haitunyang'anyi uhuru tuliopewa na Mungu. Ndiyo maana katika sala ya kuungama hatutaji mawazo, maneno na vitendo peke yake. Tunataja pia kutotimiza wajibu.

Wahenga walituachia neno kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa kawaida tunalitumia kwa kazi inayoharibika kwa papara. Princeton inatuonyesha kwamba haraka huharibu pia upendo, hata wa mtu anayeijua Injili vizuri. Basi, katika kutafiti dhamiri zetu, tuitazame na ratiba yetu. Tunapopanga siku bila kubakiza nafasi yoyote, tumekwisha kuamua asubuhi kwamba yeyote atakayeanguka njiani tutampita. Jumapili tuondoke nyumbani mapema kidogo, ili tukimkuta mzee amekaa peke yake ngazini pa kanisa, tuwe na muda wa kumjulia hali. Na katika jumuiya zetu ndogondogo, mgonjwa asiachwe kwa neno "wengine watakwenda". Atajwe kwa jina mtu atakayekwenda, na siku yake.

Tuombeane neema ya kusimama. Mungu awabariki nyote.