Grisi ya Liemba

Kutoka Sumbawanga kwenda Kasanga, kwa njia ya Matai, barabara inateremka karibu mita 1,000. Baridi ya Ufipa inabaki nyuma, joto linapanda, na mara Ziwa Tanganyika limetandazwa mbele yako. Mgeni aliyezoea mashamba ya mahindi hutaka kupanda boti siku hiyohiyo.

Maji hayo yana historia yenye funzo. Mwaka 1867 Livingstone alifika pande hizi za kusini akaandika jina alilolisikia: Liemba. Miaka 60 baadaye likawa jina la meli. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaileta kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikaelea mwaka 1915. Julai 1916, maadui walipokaribia, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

Grisi ile ilipakwa kabla maji hayajaingia. Siri yote iko hapo.

Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200, na nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho. Ukaribu wa ufuko haukuwaokoa.

Kwa hiyo ukiambiwa Kasanga au Kipili, "Twende hapo tu, mzee, jaketi la nini?", usione haya kubaki nchi kavu. Jaketi okozi liwe moja kwa kila mtu, la mtoto limtoshe mtoto, na lifungwe kabla ya kuondoka. Lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Ndani kuwe na makasia endapo injini itazima, na chombo cha kuchotea maji. Kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huamsha mawimbi makali; muulize mvuvi kabla ya kumuuliza mwenye boti. Na mtu wa ufukoni ajue saa mtakayorudi.

Mafundi wa 1916 waliijali injini kiasi hicho. Abiria hastahili pungufu.